Ukitaka kuongoza ndege, anza na namba za bajaji

Mtoto wa kaka yangu alinijia Chumbageni, hapa Tanga, Jumamosi asubuhi na karatasi kumi na nne alizochapisha stesheneri, zote maswali ya kupima akili aliyoyaokota mtandaoni. Kamaliza kidato cha sita, PGM (fizikia, jiografia na hisabati), na kichwani hana kingine ila kuongoza ndege: si urubani, ni ile kazi ya kukaa mnarani na kuwaelekeza marubani kwa redio. Maswali yale alikuwa ameshayafanya, mengine mara tatu, hata majibu kayakariri. Nikamwambia, "Hizo weka chini ya godoro. Vaa viatu tutoke."

"Twende wapi, shangazi?"

"Kusoma namba za bajaji."

Nimekaa mnarani miaka 11. Likizo hii niliyokuja Tanga nimeitumia kumwandaa, na haya ndiyo niliyomfanyisha kwa wiki sita. Nayaandika kwa sababu kila nikirudi nyumbani kuna kijana mwingine anayetumwa na mama yake aje "kuulizia ile kazi ya ndege".

Kwanza jua wanatafuta nini. Wengi hudhani ni hesabu ngumu au macho ya mwewe. Hesabu zenyewe ni za darasa la saba: kujumlisha, kutoa, kugawanya kwa sitini. Kinachopimwa ni kama unaziweza huku mtu anakusemesha, huku jambo la pili linasubiri, na la tatu umeahidi kulirudia baada ya dakika mbili. Ulaya wana jaribio linaloitwa FEAST, lililotengenezwa na EUROCONTROL, shirika lao la uongozaji wa anga. Sehemu yake ya kwanza inapima kumbukumbu, umakini na Kiingereza, ya pili inakupa kazi inayokaribiana na uongozaji wenyewe. Marekani wana ATSA, na humo mna kipande ambacho vidude vinatembea kwenye skrini, wewe unazuia visigongane huku unajibu hesabu. Usaili utakaoitiwa wewe si lazima ufanane na hayo, ila kichwa kinachotafutwa ni kilekile.

Mimi usaili wa kwanza nilianguka. Pahali sipataji. Tulipewa karatasi yenye ndege tatu, kila moja na kasi yake, na mtu wa kusoma taarifa mpya kila baada ya muda. Nikaishika ndege ya kwanza nikaikokotoa mpaka desimali mbili. Nilipoinua kichwa, ya pili na ya tatu zilikuwa zimeshapishana, njia moja, mwinuko mmoja. Msimamizi hakusema neno. Aliigeuza tu karatasi yangu uso chini, akahamia meza ya pili. Jibu langu la desimali mbili lilikuwa sahihi, na mpaka leo linaniuma.

Sasa namba za bajaji.

Kutoka Chumbageni, ukavuka reli ukaingia Ngamiani, ni mwendo mzuri wa miguu na vyombo havikatiki. Kila chombo kinachokupita, soma namba yake kwa sauti kabla hakijakuacha, kwa herufi za redio: Alfa, Bravo, Charlie, mpaka Zulu. Tuseme namba ya kubuni, 935 ZKR. Utasema "niner tree fife, Zulu Kilo Romeo". Ndiyo, tatu ni "tree", si "three". Sisi watu wa pwani "th" tunaiweza tangu utotoni, tumesoma thelathini na themanini, lakini redioni inabidi tuiache, kwa sababu sauti hiyo hupotea kwenye mikwaruzo. Nne ni "fower", tano ni "fife", tisa ni "niner", elfu ni "tousand". Namba hutajwa tarakimu moja moja. Mwelekeo wa 350 ni "tree fife zero", na ukisema "three fifty" mkufunzi atakukazia macho.

Wiki ya kwanza soma tu. Ya pili, namba ikipita usiitaje: taja iliyoitangulia. Ya tatu, taja ile ya kabla ya iliyotangulia. Hapo ndipo kichwa kinapoanza kuchemka. Mama mmoja wa maandazi karibu na reli alimwuliza kijana wangu kama anavuta uradi au anaumwa. Ukipoteza moja, iache, kamata inayokuja. Kwenye jaribio, anayerudi nyuma kutafuta namba iliyopotea hupoteza na tatu zinazofuata. Mnarani ni tofauti: hapo hukisii wala huachi, unamwambia rubani arudie.

Zoezi la pili ni kusikiliza, na hapa mtoto aliyepita madrasa ana akiba asiyoijua. Ustadhi anasoma aya, wewe unairudia, naye anakusikiliza. Ukiteleza irabu moja anakukatisha. Uongozaji wa ndege ni hivyohivyo. Unatoa kibali, rubani anakirudia, na wewe lazima umsikilize akirudia. Watu huitimiza nusu ya kwanza wakasahau ya pili. Mdomo ukishasema "elfu saba", sikio nalo linangoja elfu saba, na litaisikia hata rubani akisema elfu tisa, mradi lahani ni ileile.

Tulifanya hivi. Yeye mwongozaji, mimi rubani, tumepeana migongo barazani, feni imewashwa mwisho ivume. Ananipa maagizo kumi kwa Kiingereza cha redio, kila moja na mwinuko, mwelekeo na namba ya ndege. Nayarudia yote, ila manne nayatia kosa: tarakimu moja, au namba ya ndege nyingine. Siku ya kwanza alikamata moja kati ya manne. Akabisha! Ikabidi nirekodi kwa simu. Siku ya tano alikamata yote, na la tano ambalo sikulikusudia.

Kama unaona huo ni utani wa barazani, itazame ajali ya Tenerife, kisiwa cha Uhispania, ya tarehe 27 Machi 1977. Ndege mbili kubwa, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana uwanjani ndani ya ukungu, wakafa watu 583. Rubani wa KLM alitamka maneno yasiyoeleweka sawasawa kama kwamba yuko kwenye kuruka, mnara ukajibu "OK", na maneno ya maana yaliyofuata yakazamana redioni kwa sababu watu wawili walisema kwa wakati mmoja. Ndiyo maana leo neno "take-off" halitumiki ovyo. Hutamkwa wakati wa kutoa kibali cha kuruka au kukifuta. Kwingine kote tunasema "departure".

Kuhusu Kiingereza nisikuchoshe. Kiwango cha chini kimataifa ni daraja la 4 kati ya 6, na hupimwa vitu sita: matamshi, sarufi, msamiati, ufasaha, kuelewa na kujibizana. Alama yako ni ile ya chini kabisa kati ya sita hizo, kwa hiyo ufasaha mwingi hauwezi kukufichia matamshi. Mwenye daraja la 4 hupimwa tena kila miaka 3, la 5 kila miaka 6. Kosa letu kubwa ni kuliongezea neno irabu mwishoni, na kuchanganya "fifteen" na "fifty". Soma gazeti la Kiingereza kwa sauti robo saa kila siku, jirekodi, jisikilize. Ni aibu, lakini jisikilize.

Sasa saa. Hili sijaliona kwenye kitabu chochote, na ndilo lililonitoa jasho kozini. Anga lote linatumia saa za UTC, saa moja ya pamoja kwa dunia nzima. Sisi tuko saa tatu mbele yake, halafu tuna saa zetu za Kiswahili, kwa hiyo mtoto wa Tanga ana saa za aina tatu kichwani. Kanuni yangu ni hii: saa ya Kiswahili ya mchana, ongeza 3, umepata UTC. Saa tatu asubuhi ni 0600. Saa nane mchana ni 1100. Saa kumi na moja jioni ni 1400. Ya usiku ongeza 15: saa mbili usiku ni 1700. Ikifika 24 au kuzidi, toa 24, kwa hiyo saa kumi alfajiri ni 0100.

Tarehe ndiyo mtego. Tarehe ya UTC hubadilika saa tisa za usiku kwetu. Mimi nilijaza karatasi ya ndege ya saa saba usiku kwa tarehe ya kalenda ya ukutani, kumbe kwa UTC bado ni 2200 ya jana. Na bibi yangu, Mungu amrehemu, kwake siku mpya ilikuwa imeshaingia tangu magharibi. Kijana wangu nilimkataza kutaja saa yoyote nyumbani ila kwa UTC. Mama yake alipopiga simu kuuliza anakula saa ngapi, akajibiwa "saa kumi na saba".

Ukishaishika UTC, jifunze kusoma taarifa fupi za hali ya hewa za viwanjani, METAR. Viwanja vyetu huanza na HT: HTDA ni Dar es Salaam, HTZA Zanzibar, HTTG ni Tanga yetu. Mfano wa kubuni: HTDA 120600Z 16012KT 9999 FEW020 29/22 Q1014. Tarehe 12, saa 0600, yaani saa tatu asubuhi. Upepo unatoka digrii 160, kasi noti 12, yaani maili 12 za bahari kwa saa. Macho yanafika kilomita 10 au zaidi. Mawingu machache futi 2,000. Joto 29, nyuzi za umande 22, kanieneo ya hewa 1014. Soma tano kila asubuhi, baada ya wiki mbili zinakuwa kama kusoma bango la daladala.

Upepo wavuvi wa Deep Sea, hapa Tanga, watakufundisha kuliko mimi. Upepo hutajwa kwa unakotoka, na ndege hupenda kutua na kuruka ikiuelekea. Njia ya kurukia nayo ina jina la mwelekeo wake kwa makumi ya digrii, upande huu namba hii, upande ule namba nyingine. Dar es Salaam iko 05 na 23, Zanzibar 18 na 36. Kusi likivuma Zanzibar, mwenye akili ataipata njia bila kuuliza. Mtihani hupenda kukuuliza mwelekeo wa kinyume. Njia ya mkato: tarakimu ya kwanza ongeza 2, ya pili punguza 2. 05 inakuwa 23, 18 inakuwa 36, na 080 inakuwa 260. Ukitoka upande wa pili, anza kwa kupunguza. Ikigoma, rudi kwenye njia ya kawaida ya kuongeza au kutoa digrii 180, usilazimishe.

Sasa visoda. Hapa ndipo tulipokaa siku nyingi kuliko kote.

Chukua chaki, chora pwani kwenye sakafu ya baraza: Tanga, Pemba upande wa mashariki, Unguja, Dar es Salaam chini kabisa. Sentimita 2 ziwe maili moja ya bahari. Tanga mpaka Pemba ni kama maili 45, kwa hiyo sentimita 90. Mpaka Dar ni kama maili 107, mita mbili na kitu. Baraza letu lilitosha, ila Dar iliangukia mlangoni na kila anayepita anaikanyaga. Visoda ndiyo ndege. Ndege ya noti 150 inakwenda maili 2.5 kwa dakika, kwa hiyo kila dakika kisoda kinasogea sentimita 5. Noti 120 ni maili 2 kwa dakika, noti 180 ni 3, noti 240 ni 4. Hizi zikae kichwani kama jedwali la kuzidisha.

Kila kisoda kina karatasi yake ya manila, ndefu na nyembamba kama rula: namba ya ndege (zetu huanza na 5H), inakotoka, inakokwenda, saa, mwinuko. Sisi tunaiita stripu. Zipange kwa saa, ya karibu chini.

Swali nililompa: A inaruka Tanga kwenda Pemba saa 0610, noti 150. B inaruka Pemba kuja Tanga saa 0613, noti 150. Zote zinaruka kwa kanuni za vyombo, yaani rubani anafuata mitambo ya ndani ya ndege badala ya kutazama nje, na hakuna rada. Utazitenganishaje?

Akaanza vizuri. Saa 0613, A imeshakwenda maili 7.5, zimebaki 37.5 kati yao. Zinakaribiana maili 5 kila dakika, kwa hiyo zitakutana baada ya dakika 7 na nusu: 0620 na nusu. Nikamwuliza, "Zitenganishe kwa mwinuko kuanzia lini?" Akasema zikikaribia. Hapana. Kwa ndege zinazoelekeana bila rada, mwinuko lazima utenganishwe angalau dakika 10 kabla ya saa inayokadiriwa kupishana, mpaka dakika 10 baada yake. Akahesabu kwa vidole, akanyamaza, akahesabu tena.

"Shangazi, hiyo ni nusu dakika tu baada ya A kuruka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hakuna cha kusubiri. B nampa mwinuko mwingine angali chini."

Ndiyo. Inayokwenda mashariki ikae futi 5,000, inayokuja magharibi 4,000, futi 1,000 kati yao, kila mtu alale salama. Nilimwacha aifurahie dakika moja, kisha nikaingiza kisoda cha tatu kutoka Unguja.

Na hapo nikaanza kumchokoza. Kila dakika lazima avisogeze visoda vyote, huku namwuliza ngisi wa jana walikuwa bei gani, mdogo wake ana miaka mingapi kwa miezi, neno "Ngamiani" linaandikwaje kwa herufi za redio. Dawa ya vurugu hii ni moja: jicho lizunguke. Ukimaliza kushughulikia kimoja, tazama vyote kabla hujarudi kwa chochote, hata kama hesabu hujaimaliza. Hesabu ikizidi sekunde chache, kadiria kwa upande ulio salama, songa mbele. Desimali mbili zangu zile, ningeziacha ningeokoka.

Jioni moja aliisahau B dakika mbili nzima. Alipoigundua, nikiwa nageuza chapati, aliisukuma haraka kwa kidole cha mguu mpaka inapostahili kuwa. Nilimwona. Nikazima jiko.

Sikumgombeza sana, lakini zoezi liliishia pale, na kesho yake tulianza na hilo tu. Kosa ukiligundua, litaje kwa sauti, "correction", kisha sema lililo sahihi. Kila aliyekaa mnarani ameshakosea. Rubani anaweza kuepuka kosa alilotajiwa, hawezi kuepuka lililosukumwa kwa mguu. Kwenye usaili wa mdomo utaulizwa, kwa namna hii au ile, uelezee siku uliyokosea. Usijibu kwamba kasoro yako ni kupenda kazi kupita kiasi. Eleza kosa la kweli, ulilijuaje, ulimwambia nani, na baada ya muda gani. Yeye atasimulia kisoda, nimempa ruhusa.

Afya itazamwe mapema, usingoje barua. Waongoza ndege hupimwa kwa cheti cha daraja la 3. Kila jicho liweze angalau 6/9, na yote mawili pamoja 6/6, na miwani inaruhusiwa. Rangi zina kazi yake: redio ikikatika, mnara humwonyesha rubani taa, kijani isiyokatika ni ruhusa ya kutua, nyekundu isiyokatika ni mpishe mwenzio endelea kuzunguka, nyekundu ya kumweta ni uwanja si salama, usitue. Masikio nayo hupimwa, kwa hiyo wewe unayelala na spika za masikioni zikipiga mpaka asubuhi, nakusema wewe.

Tangazo la kazi lisome lenyewe, si lililofupishwa kwenye kundi la WhatsApp, na anayekuambia ana nafasi ya kukuuzia anataka hela yako. Ukichaguliwa, chuo chetu cha usafiri wa anga kiko Dar es Salaam. Nadharia inatangulia: sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji njia, tabia za ndege, mwili na akili ya binadamu kazini. Kisha simuleta, mashine ya kuigizia kazi yenyewe, na hapo machozi ni kawaida, hata kwa wanaume wenye ndevu. Kisha kazini kwenyewe, mkufunzi amekaa bega kwa bega na wewe na anaweza kukunyang'anya maikrofoni wakati wowote. Kwa uongozaji wa uwanjani, viwango vya kimataifa vinataka angalau saa 90 au mwezi mmoja wa kazi chini ya msimamizi, kipi kirefu, na leseni haitolewi kwa aliye chini ya miaka 21.

Siku mbili kabla ya jaribio, acha mazoezi. Lala. Asubuhi kunywa chai kama ulivyozoea, usijaribu kahawa kali siku hiyo kama si mnywaji. Ukisafiri kwenda Dar, fika jana yake, basi likipata pancha Segera lisikufie na ndoto.

Visoda usivitupe. Wetu kaviweka kwenye kopo la maziwa, na stripu kazifunga kwa mpira, kwa sababu nilimwambia somo la kutenganisha ndege likianza ataviomba.